Rais wa chama hiki, gavana wa chama kile: kwa nini wapiga kura huchanganya vyama?

Jumanne ya tarehe 9 Agosti 2022, mpiga kura wa Kwale aliingia kituoni akapewa karatasi sita. Nyeupe ya rais, ya bluu ya gavana, ya manjano ya seneta, ya kijani ya mbunge, ya zambarau ya mwakilishi wa kike wa kaunti, na ya krimu ya mwakilishi wadi, yule tunayemwita MCA.

Kura zilipohesabiwa, Kwale ilikuwa imempa hayati Raila Odinga wa muungano wa Azimio zaidi ya mara mbili ya kura ilizompa William Ruto wa UDA. Lakini kwenye karatasi ya bluu mshindi alikuwa Fatuma Achani, mgombea wa UDA. Kaunti hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, foleni hiyo hiyo.

Kule Taita Taveta, Raila pia alishinda. Kwa ugavana, wananchi wakamwondoa Granton Samboja na kumchagua Andrew Mwadime, aliyekuwa mbunge wa Mwatate, ambaye alisimama bila chama chochote.

Tangu wakati huo, kila tukifungua simu kuzungumzia siasa, jambo hili hurudi. Msikilizaji mmoja, mama mkulima, alitutumia ujumbe ambao hatujausahau. Alisema: “Nilimpa Raila, nikampa Achani. Jirani yangu ananiita msaliti hadi leo. Nilikosa nini?”

Makala hii ni jibu letu kwa mama huyu, na kwa kila msikilizaji aliyewahi kujiuliza kama kuchanganya vyama ni kosa, ni ujanja au ni kutojua.

Karatasi sita ni kazi sita

Tuanze na sheria, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi hujieleza.

Kabla ya Katiba ya 2010, Mkenya alikuwa akipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Uamuzi karibu wote mkubwa ulifanywa Nairobi. Ukitaka barabara, dawa au maji, ulimtazama rais na mawaziri wake. Kwa hivyo ilikuwa na mantiki kuwaza kwamba mbunge wa chama cha rais ndiye atakayeleta kitu nyumbani.

Katiba mpya ilileta serikali 47 za kaunti, na uchaguzi wa kwanza wa magavana ukafanyika tarehe 4 Machi 2013. Kazi ziligawanywa. Jedwali la Nne la Katiba ndilo linaloonyesha nani afanye nini.

Serikali ya kitaifa inashughulikia ulinzi na polisi, uhusiano na nchi za nje, shule za msingi na za sekondari, vyuo vikuu, vitambulisho na barabara kuu. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, kwa mfano, si ya gavana. Chifu pia si mtu wa gavana. Walimu wa shule ya msingi huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC.

Serikali ya kaunti inashughulikia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Inashughulikia kilimo, mifugo, masoko, leseni za biashara, barabara za mashinani, maji, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Seneta hulinda maslahi ya kaunti kule Nairobi. Bunge la Seneti ndilo hupitisha kanuni ya kugawa fedha baina ya kaunti 47. Mbunge hutunga sheria za nchi na kupitisha bajeti ya taifa. MCA hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti ya gavana na kumhoji akikosea.

Sasa jiulize: mtu mwenye kazi ya kuongea na marais wa nchi nyingine na kuongoza jeshi, na mtu mwenye kazi ya kuhakikisha zahanati ina dawa za malaria, ni lazima watoke chama kimoja? Wapiga kura wengi wamejibu kwa kalamu kwamba si lazima.

Suti ilitoka wapi?

Kila msimu wa kampeni ukifika, utasikia jukwaani: “Nataka suti kamili!” Maana yake ni kwamba mgombea urais anakuomba uchague wa chama chake kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho. Enzi za karatasi tatu iliitwa suti ya vipande vitatu. Leo ni ya vipande sita.

Vyama vina sababu zao, na si zote mbaya. Rais akikosa wabunge wa kutosha, miswada yake hukwama. Gavana akikosa MCA wa kutosha, bajeti yake hukwama. Viti vya kuteuliwa, bungeni na kwenye mabunge ya kaunti, hugawiwa vyama kulingana na viti vilivyoshindwa. Hata fedha za hazina ya vyama vya kisiasa hugawiwa kwa kutazama kura ambazo kila chama kilipata. Kwa chama, kila karatasi ina thamani.

Lakini hayo ni maslahi ya chama. Mpiga kura naye ana yake. Hapa pwani mtu huvaa shati la harusi na shuka la kila siku, na hakuna anayemwambia hajui kuvaa.

Sababu za kuchanganya vyama

Kutokana na matokeo ya chaguzi zilizopita na mazungumzo yetu na wasikilizaji, tunaona sababu nne kubwa.

Ya kwanza: rais ni wa mbali, gavana ni wa karibu.

Mgombea urais wengi wetu humjua kwa redio, televisheni na mikutano mikubwa. Tunamchagua kwa sababu ya historia, eneo, muungano wa viongozi wetu, au msimamo wake kuhusu gharama ya maisha. Gavana ni tofauti. Unajua alikotoka, unajua alivyofanya kazi yake ya awali, umeona mwenyewe kama kisima kilichimbwa au kiliishia kwenye karatasi. Chama kinaweza kukuambia ni mzuri, lakini macho yako yana ushahidi wake.

Kwale ya 2017 ni mfano mzuri. Salim Mvurya alichaguliwa gavana mwaka 2013 kwa tikiti ya ODM. Kabla ya uchaguzi wa 2017 akahamia Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, ambacho hakikuwa na nguvu Kwale. Wengi walitabiri angezama. Mwezi Agosti mwaka huo, Kwale ilimpa Raila kura nyingi za urais, lakini Mvurya akarudi ofisini, na kura zake zilizidi kwa mbali zile ambazo Uhuru alipata katika kaunti hiyo.

Watu walikuwa wameishi na serikali yake miaka mitano. Walikuwa wameona vyumba vya chekechea na mpango wa ufadhili wa masomo wa Elimu ni Sasa. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu. Lakini walimhukumu yeye, si rangi ya shati la chama chake kipya.

Ya pili: hasira ya mchujo.

Katika ngome ya chama, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Anayepata tikiti karibu ameshashinda. Kwa hivyo tikiti ikipewa mtu ambaye wananchi wanaona hakushinda kwa haki, au aliyepandishwa na wakubwa Nairobi, hasira hubaki. Mpiga kura hataki kumwadhibu kiongozi wa kitaifa anayempenda. Anabaki naye kwenye karatasi nyeupe, kisha anamalizia hasira yake kwenye karatasi nyingine.

Katiba imempa njia. Kifungu cha 85 kinamruhusu mtu kusimama kama mgombea huru, mradi hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2017, Ndiritu Muriithi alishinda ugavana wa Laikipia kama mgombea huru, katika kaunti iliyompigia Uhuru Kenyatta kura za urais. Alimshinda gavana wa Jubilee, chama cha Uhuru. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Kawira Mwangaza kule Meru na Mwadime kule Taita Taveta.

Ya tatu: siasa za nyumbani.

Kwenye karatasi ya rais, eneo zima linaweza kusimama pamoja kwa sababu mashindano ni dhidi ya maeneo mengine. Kwenye karatasi ya gavana, mashindano ni baina yetu wenyewe. Hapo yanaingia maswali ya eneo bunge lipi limewahi kutoa gavana, jamii ipi imesahaulika, mgombea mwenza ametoka upande upi, nani ana ukoo mkubwa na nani ni mgeni. Chama hakiwezi kujibu maswali hayo yote, kwa sababu ndani ya chama hicho hicho kuna watu wa pande zote.

Ya nne: kutaka mkono kwenye pande mbili.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Lakini kuna wapiga kura ambao hushika mbili kwa makusudi. Wanampa rais wanayempenda, kisha wanachagua gavana au mbunge wa upande mwingine, wakiwaza kwamba upande wowote utakaoshinda Nairobi, watakuwa na mtu wa kuwasemea. Wengine hawataki chama kimoja kishike kila kitu, wanataka pande hizi zichungane.

Hesabu inaweza kukudanganya

Hapa tunakuomba msikilizaji utulie kidogo, kwa sababu hata wachambuzi huteleza.

Kaunti ikimchagua rais wa upande mmoja na gavana wa upande mwingine, si lazima iwe kwamba watu wengi walichanganya vyama. Kuna njia mbili za kufika hapo.

Njia ya kwanza ni watu kuchanganya kweli. Nairobi mwaka 2022 ni mfano wazi. Raila alishinda kura za urais jijini. Johnson Sakaja wa UDA akashinda ugavana kwa karibu kura 700,000, akimshinda Polycarp Igathe aliyeungwa mkono na Azimio. Kura za Sakaja zilizidi zile ambazo Ruto alipata Nairobi kwa zaidi ya 100,000. Kura hizo za ziada haziwezi kuwa zimetoka kwa waliompigia Ruto. Maelfu kwa maelfu walimpa Raila, wakampa Sakaja, kisha kwenye karatasi ya manjano wengi wakarudi ODM na kumchagua Edwin Sifuna kuwa seneta. Hao walisoma kila karatasi kivyake.

Njia ya pili ni kura kugawanyika. Turudi Kwale ya 2022. Achani alikuwa naibu wa Mvurya kwa miaka kumi, na ushindi wake ulimfanya gavana wa kwanza mwanamke katika pwani ya Kenya. Alipata karibu kura 60,000. Hamadi Boga wa ODM alipata karibu 54,000. Waliobaki wakagawana nyingine nyingi. Achani hakufikia nusu ya kura zote, na wala hakuhitaji.

Sheria za karatasi hizi mbili hazifanani. Ili mtu awe rais wa Kenya, ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Ndiyo maana mwaka 2022 Ruto alitangazwa na asilimia 50.49, dhidi ya 48.85 za Raila. Gavana hana sharti hilo. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye gavana. Hakuna marudio.

Kwa hivyo upande wenye nguvu ukisimamisha wagombea watatu au wanne wanaogombania wapiga kura wale wale, upande mdogo wenye mgombea mmoja imara unaweza kupita katikati. Wanaochanganya vyama wapo, na wanasaidia. Lakini wagombea waliokataa kuachiana pia wamechangia.

Tofauti hii ina maana kwako. Jirani akikuambia “nyinyi mliochanganya ndio mlitupotezea ugavana”, muulize kwanza: upande wenu ulisimamisha wagombea wangapi?

Si Kenya peke yake

Jambo hili linatokea kila mahali ambapo nchi ina serikali mbili, ya kitaifa na ya majimbo. Mfano unaoonekana vizuri uko India, katika eneo la mji mkuu, Delhi, ambalo lina bunge lake.

Mwaka 2014, uchaguzi wa bunge la taifa, chama cha BJP cha Narendra Modi kilichukua viti vyote 7 vya Delhi. Februari 2015, watu wale wale walipochagua bunge la Delhi, chama cha AAP cha Arvind Kejriwal kilichukua viti 67 kati ya 70. Unaweza kusema walikuwa wamebadilisha mawazo. Lakini mwaka 2019 BJP ikachukua tena viti vyote 7 vya taifa, na Februari 2020 AAP ikashinda tena Delhi kwa viti 62.

Hapo hakuna aliyechanganyikiwa. Kwa waziri mkuu walimtaka Modi. Kwa umeme, maji, shule na zahanati za mtaani, mambo ambayo AAP iliyafanya kuwa ajenda yake, walimtaka Kejriwal. Na walipomchoka, mwaka 2025, waliiondoa AAP na kuipa BJP bunge la Delhi pia. Mpiga kura anayejua kutenganisha kazi anajua pia kubadilisha mkono.

Je, kaunti huadhibiwa ikichagua gavana wa upinzani?

Hili ndilo swali linalowatia watu hofu zaidi, na wanasiasa wanalijua. Utasikia: “Mkichagua huyo, mtabaki nje miaka mitano.”

Ukweli una pande mbili.

Upande wa kwanza: fedha za msingi za kaunti si zawadi ya rais. Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kutazama hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Kila kaunti hupata fungu lake kwa kanuni inayotazama mambo kama idadi ya watu na umaskini. Kanuni hiyo haiulizi gavana ni wa chama gani. Fedha zikichelewa kutoka Hazina ya Taifa, na mara nyingi huchelewa, magavana wa vyama vyote hulalamika pamoja.

Upande wa pili: miradi ya serikali ya kitaifa, kama barabara kuu, mabwawa makubwa na bandari, huamuliwa Nairobi, na huko siasa ina uzito. Uteuzi wa mawaziri na makatibu pia ni wa rais. Kwa hivyo anayesema siasa ya taifa haina athari yoyote kwa kaunti, naye hasemi kweli yote.

Lakini angalia kwa makini: tishio hilo linahusu kazi za rais. Dawa za zahanati ya kijijini, dawa ya kuogesha mifugo, chekechea ya mtaa, choo cha soko, vyote vina bajeti inayopita mikononi mwa gavana na MCA wako. Vikikosekana, jibu la “tuko upinzani” halitoshi. Mwambie akuonyeshe bajeti.

Kuchanganya kuna gharama zake

Hatutaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Kuchanganya vyama kuna hatari zake, na kubwa iko kwenye bunge la kaunti.

Gavana anaweza kuwa mtu hodari, lakini hawezi kutumia hata shilingi moja ya bajeti ambayo MCA hawajaipitisha. Na theluthi mbili ya MCA wakipiga kura ya kumwondoa, kesi yake hupelekwa Seneti.

Meru imeonyesha jinsi hali inavyoweza kuwa ngumu. Mwaka 2022 kaunti hiyo ilimpa Ruto kura nyingi sana za urais. Kwa ugavana, ikamkataa mgombea wa UDA, Mithika Linturi, na gavana aliyekuwepo, Kiraitu Murungi, ikamchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru. Aliingia ofisini bila chama nyuma yake katika bunge la kaunti. Kabla ya mwaka huo kwisha, MCA walikuwa wamepiga kura ya kumwondoa. Seneti ikamwokoa. Mwaka 2023 wakapiga tena, Seneti ikamwokoa tena. Agosti 2024 wakapiga mara ya tatu, na safari hii Seneti ikakubaliana nao. Alikwenda kortini, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo. Naibu wake akaapishwa kuwa gavana.

Hatusemi kukosa chama ndiyo sababu pekee. MCA walimshutumu kwa mengi, naye aliyakana. Tunachosema ni kwamba gavana asiye na MCA wa kumtetea huanza safari akiwa na tairi moja bila upepo. Na ugomvi ukidumu, anayeumia ni mgonjwa anayesubiri hospitalini na kibarua anayesubiri malipo.

Kwa hivyo, ukiamua kumchagua gavana wa chama kingine au mgombea huru, usiisahau karatasi ya krimu. Wengi huifikia wakiwa wamechoka, wanatia alama kwa jina lolote wanalolijua. Hiyo ndiyo karatasi inayoamua kama gavana wako atafanya kazi, na pia kama atachungwa. MCA mzuri si lazima awe wa chama cha gavana, lakini ni lazima awe mtu atakayepitisha bajeti nzuri na kukataa mbaya, bila kusubiri bahasha.

Kabla ya karatasi nyingine sita

Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo, kuna mambo machache ambayo tungependa uyaweke akilini.

Kila karatasi huhesabiwa peke yake. Kuchagua vyama tofauti hakuharibu kura yako hata moja. Kinachoharibu ni kutia alama kwa wagombea wawili kwenye karatasi moja, au kuandika kitu kinachokutambulisha. Tia alama moja kwa kila karatasi, kisha itumbukize kwenye sanduku lenye kifuniko cha rangi yake.

Kura yako ni siri. Mzee wa mtaa, bwana, mke, ajenti wa chama, hakuna mwenye haki ya kujua ulivyopanga karatasi zako. Kama husomi au huoni vizuri, unaweza kuja na mtu unayemwamini akusaidie. Usikubali kuchaguliwa msaidizi na mgombea.

Anza maandalizi kwenye mchujo. Ukikaa nyumbani siku ya mchujo wa chama, usishangae ukipewa mgombea usiyemtaka mwezi Agosti.

Na kwa kila karatasi, jiulize maswali matatu. Kazi ya ofisi hii ni ipi? Huyu amewahi kufanya nini kinachofanana na kazi hiyo? Akikosea, nani atamzuia? Ukijibu maswali hayo na majibu yote sita yakaangukia chama kimoja, vaa suti yako kamili bila wasiwasi. Yakiangukia vyama vitatu, ni sawa pia.

Tumalize na yule mama aliyetutumia ujumbe. Mama yetu, hukukosa. Uliulizwa maswali sita na ukayajibu sita, badala ya kuulizwa sita ukajibu moja. Jirani yako naye hakukosa kwa kuchagua chama kimoja, kama alifikiri vivyo hivyo. Wote wawili mnakunywa maji ya kisima kimoja na mnatibiwa zahanati moja. Zahanati hiyo ikikosa dawa, nendeni pamoja kwa MCA wenu mkamuulize, kwa maana mlangoni pake hakuna atakayewauliza mlimpigia rais yupi.